Gari Lililopimwa kwa Kupanda

Mtu mmoja alikuwa na mke mjamzito na nyumba juu ya mlima. Yeye aliitwa Mwadime, na mkewe Wakesho. Hospitali ilikuwa chini, mjini, mwisho wa barabara yenye kona kumi na saba. Mwaka uliotangulia Wakesho alishikwa na uchungu kabla ya siku zake kutimia, wakakaa kando ya barabara wakingoja gari la kuwashusha. Lilipopatikana, walikuwa wamekwisha kumpoteza mtoto. Walimzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba, wala hawakulaumiana. Lakini Mwadime aliapa moyoni kwamba mlima ule hautamchelewesha tena, na tangu siku hiyo kila kitu alikipima kwa mwendo.

Kwa hiyo alipojaliwa uwezo wa kununua gari, hakutaka gari la hivi hivi. Alikwenda yadi moja pale mjini iliyouza magari ya saluni ya kifahari, ya ngazi ya chini kabisa ya anasa, yale ya kukaa chini chini, yenye viti vya ngozi na injini za mbio. Hayo si magari ya matajiri wenyewe. Ni magari ya watu wanaobisha hodi mlangoni pa utajiri, na ndiyo maana hupendwa sana. Mwenye yadi, Mghanga, alikuwa mcheshi, na kila mteja alimwambia kwamba chema chajiuza. Alimwonyesha Mwadime magari mawili. La kwanza lilikuwa jeusi, lenye nguvu za farasi mia tatu, na lilipowashwa hata mbuzi wa jirani waligeuka. La pili lilikuwa la kijivu, lenye nguvu zilizozidi kidogo nusu ya hizo, na bei yake ilikuwa ile ile. Mwadime alicheka. Nani atoe fedha sawa anunue nusu ya farasi?

Sasa, mji ule ulikuwa na desturi yake ya kupima gari. Yadi ilikuwa chini kabisa ya mlima, kwa hiyo mnunuzi alishika usukani mwenyewe na kupanda kona zote kumi na saba. Huko juu palikuwa na kibanda cha chai, na hapo ndipo watu walipopeana mikono. Mnunuzi aliketi, akaletewa chai na mahamri kwa gharama ya mwenye yadi, akasimulia alivyoruka. Wakati huo dereva wa yadi alilirudisha gari chini, polepole, gia namba moja, kona baada ya kona. Mnunuzi alishushwa baadaye kwa gari jingine akiwa amekwisha kukata shauri. Miaka yote mambo yalikuwa hivyo. Hakuna aliyeshuku lolote, kwani chai ilikuwa ya bure na sifa zilikuwa tamu.

Mwadime alipanda na lile jeusi, Mghanga na dereva wa yadi wakimfuata nyuma kwa gari jingine. Tusimcheke, maana furaha aliyoipata siku ile ilikuwa furaha ya kweli. Aliyapita malori mawili kabla ya kona ya tano. Kila alipokanyaga mafuta mgongo wake ulisukumwa kwenye kiti, na ule mlima uliomwonea mwaka mzima sasa ulikuwa ukimpisha. Alifika juu machozi yakimlengalenga. Akajisemea kwamba laiti angekuwa nalo siku ile, mtoto wake angekuwa anatambaa.

Wakesho alikuwa akimngoja pale kibandani, kwa kuwa nyumba yao haikuwa mbali. Tumbo lilikuwa la miezi minane. Alimsikiliza mumewe akisimulia kona zote, moja moja, bila kumkatiza. Mghanga alikuwa amekwisha kunyoosha mkono, na Mwadime alikuwa anaweka kikombe chini ili ampe wake, Wakesho alipouliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Baba, mimi nitapelekwa hospitali kwa kupanda au kwa kushuka?"

Mkono wa Mwadime ukabaki hewani. Kisha akaomba ufunguo.

Mghanga alicheka na kusema kwamba hiyo si kazi ya mteja. Dereva wa yadi hakucheka; alimwomba Mwadime kwa upole aende taratibu. Mwadime aliingia peke yake, akashuka kwa haraka, kama atakavyoshuka mtu mwenye mke anayeugua uchungu kwenye kiti cha nyuma. Kona tatu za kwanza zilikuwa njema. Ya nne akasikia harufu ya kitu kinachoungua. Ya sita alikanyaga breki, na mguu ukazama hadi sakafuni kama aliyekanyaga matope. Akashusha gia, akavuta breki ya mkono, akalielekeza gari kwenye lundo la mchanga lililoachwa na wajenzi wa barabara. Lilisimama pua ikiwa imefukiwa. Alikaa humo ndani, akatazama kiti cha nyuma kilichokuwa kitupu, akamshukuru Mungu kwa utupu ule.

Mafundi walipofungua magurudumu, waliona yaliyotokea. Mwenye gari wa zamani alikuwa ametumia kila alichokuwa nacho kuongezea injini nguvu, na breki zilipokwisha alifunga za bei ya chini, kwa sababu breki hazina mlio wa kusifiwa. Mghanga aliapa kwamba hakujua, na alisema kweli. Hakuwahi kushuka nalo. Dereva alijua, lakini hakuna mteja aliyewahi kumwuliza. Watu wote wa mji ule waliijua methali isemayo mpanda ngazi hushuka, na waliitumia kila mkubwa alipoanguka. Hakuna hata mmoja aliyeikumbuka akiwa ameshika ufunguo wa gari.

Mwadime alijaribu la kijivu siku ile ile. Lilipanda kwa kuhema, na lori moja lililokuwa halina mzigo likalipita. Lakini aliposhuka nalo, kila alipokanyaga breki lilimsikia, kona ya kumi na saba sawasawa na ya kwanza. Akalinunua. Vijana wa yadi walimtania kwamba amenunua punda kwa bei ya farasi.

Wiki tano baadaye, asubuhi ya mvua, Wakesho alishikwa na uchungu. Mwadime alishuka mlima kwa kasi ambayo hakuwahi kuithubutu, na aliithubutu kwa sababu alijua kwamba akitaka kusimama, atasimama. Walifika. Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri, wa kike, mwenye sauti kubwa. Siku ya tatu walimrudisha nyumbani, gari likihema kila kona, malori yakiwapita, na hakuna ndani yake aliyekuwa na haraka.

Nanyi mnaochagua kiongozi, mchumba na rafiki kwa jinsi alivyopanda, ni nani kati yenu aliyewahi kusukuma kando kikombe cha chai na kuomba kwanza amwone akishuka?