Kasuku wa Bi Kazija

Palikuwa na tajiri, jamani, akiitwa Mwinshehe, mtu asiyeweza kuona kizuri cha mwenzake bila kujiuliza kwa nini si chake. Siku moja alitafuna kashata ya Bi Kazija. Akafumba macho kwa utamu. Alipoyafumbua, alikuwa keshakuwa mwizi.

Bi Kazija alikuwa mjane, maskini wa kila kitu isipokuwa maneno. Kashata zile alizibuni mwenyewe: nazi, tangawizi na pilipili manga kidogo, ngumu kwa nje, laini ndani. Juu ya kila moja aligonga alama ya kasuku. Mji mzima ukiona kasuku, unajua mpishi ni nani.

Mwinshehe akamtuma mpishi wake akajifunze kwa Bi Kazija, na mama wa watu akamfundisha kwa moyo mweupe. Haukupita muda, tajiri akawa anauza kashata zile zile, kasuku yule yule. Kisha akaenda kwa Kadhi.

"Kashata hii nimeibuni mimi. Kasuku wangu. Nipe hati yenye muhuri, na yule mwanamke azime jiko. Asipike tena, hata kwa wajukuu zake!"

Bi Kazija akaitwa. Njia nzima aliogopa, maana jiko likizimwa hana pengine pa kula. Lakini alipomkuta Mwinshehe amekaa, kitambi mbele, makombo ya kashata ndevuni, woga wote ukageuka kicheko. Akakimeza.

"Bi Kazija," Kadhi akasema, "aliyebuni kitu, kitu ni chake, na alama yake ni yake. Ndiyo sheria. Tajiri anasema kabuni yeye. Una neno?"

"Nimuulize tu, Kadhi. Tajiri, kashata hii umeibuni mwenyewe?"

"Mwenyewe!"

"Hukusaidiwa?"

"Kwa kichwa changu hiki!"

"Na pilipili manga je?"

"Ilinijia ndotoni."

"Pole, baba. Hata ukilala hupumziki. Na kasuku?"

"Wangu! Ukimwona kasuku, umeniona mimi."

"Na ule ugumu wake?"

"Ndio ufundi wenyewe! Duniani hakuna kashata ngumu kama yangu."

Bi Kazija akamgeukia Kadhi. "Basi mimi sina neno. Mpe hati yake. Ila mpe upesi, askari wa Sultani wasije wakahangaika kumtafuta."

Mwinshehe akakaa wima. "Askari wa nini?"

"Kwani hamjasikia? Sultani kavunjika jino leo asubuhi. La mbele! Nimetoka jikoni kwake sasa hivi kupeleka kashata. Nimemwacha kashika mdomo, anaapa aliyemfanyia vile atalala gerezani."

Tajiri akabadilika rangi. "Ngoja, Kadhi! Ngoja kwanza. Kubuni... mimi nilisema kubuni?"

"Ulisema," Kadhi akajibu, "na ulipiga kelele."

"Ulimi uliteleza! Mpishi wangu alifundishwa na huyu mama. Kashata zake! Kasuku wake! Ugumu wake! Mimi hata vitu vitamu sili."

"Pangusa ndevu kwanza, tajiri," akasema Bi Kazija.

"Unaapa kwamba ni vyake?" Kadhi akauliza.

"Naapa! Andika haraka!"

Kadhi akaandika, akagonga muhuri: kashata na kasuku ni vya Bi Kazija, na mwingine asiviguse bila ruhusa yake. Bi Kazija akaipokea hati, akaipuliza wino ukauke, akaitia kifuani.

Mwinshehe akashusha pumzi. Akaruka. "Haya, mkamateni sasa! Kamvunja Sultani jino!"

"Mimi?" Bi Kazija akamtazama kwa huruma. "Sultani kavunjwa jino na mfupa wa mbuzi. Wahi, tajiri, Kadhi hajafunika wino. Mbuzi, bado hajatokea mtu wa kusema kambuni yeye."