Orodha ya Kigwe

Kigwe, kiranja wa Darasa la Saba, alikuwa na mwili wa mwalimu na njaa ya walimu watatu. Aliandika orodha ya wapiga kelele, na aliyetaka jina lake lifutwe alitoa andazi.

"Langu limo?" aliuliza Siwema, aliyekaa nyuma, karibu na dirisha.

"Limo. Maandazi mawili."

"Basi tusomee majina yote, kiranja wetu, kila mtu ajue deni lake. Tena paza sauti, huku nyuma hatusikii!"

Kigwe akasoma kwa kunguruma mpaka mabati yakatetemeka. Darasa lilitulia kama maji mtungini.

Mwalimu Nambua, ambaye Siwema alishamwona akivuka uwanja, akaingia na kuichukua orodha.

"Wapiga kelele wote wamo?"

"Wote, mwalimu."

"Mbona nimemsikia mmoja tu, na jina lake silioni?"