Muuaji Aliyetaka Kulala

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, na msinipigie kelele. Leo nimechoka kama huyu ninayemsimulia.

Hapo kale palikuwa na mwanamke akiitwa Sikudhani. Kazi yake kuua. Mfalme Ngwali alimpa kisu cha uchawi, cha moto, kikikugusa umekufa. Na kila alipoua, kucha zake zilirefuka, hazikatiki kwa wembe wala kwa jiwe.

Akaua jumbe wa ng'ambo ya mto. Akarudi.

"Bwana, nimechoka."

"Huyu mmoja tu," mfalme akasema, "kisha utapumzika."

Akaua mganga wa mlimani. Akarudi.

"Bwana, nimechoka."

"Kuna zimwi la kike msituni. Huyu mmoja tu, kisha utapumzika."

Basi akaenda, miguu imevimba, hata kuchukia hawezi tena. Akakuta kibanda. Kwa mazoea akabisha, maana hata muuaji alifunzwa adabu na mamaye.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu. Pole na safari."

Masikini! Tangu aanze kazi ile hakuna aliyempa pole. Mdomo ukajibu wenyewe, kama tunavyojibu sote:

"Nimeshapoa."

Lo! Kisu kikasikia. Nacho kikapoa pale kiunoni, hakikati hata mchicha.

Zimwi likatoka, kucha zinaburuzika chini. Sikudhani akaziangalia, akaangalia na zake. Zimwi likamwuliza:

"Nani kakutuma?"

"Mfalme Ngwali. Kasema huyu mmoja tu."

"Hata mimi aliniambia hivyo hivyo," zimwi likasema. "Nilikuwa mtu, na kisu hicho kilikuwa changu. Ukiniua, utakuwa zimwi kama mimi, na mwingine atatumwa kwako."

Sikudhani akalia palepale mlangoni. Zimwi likampa uji, likamtandikia mkeka, akalala.

Siku moja mfalme akaja, kafura kwa hasira.

"Sikudhani! Toka! Kuna kazi!"

"Nimelala," akajibu kutoka ndani.

Zimwi likachungulia. "Umesikia, bwana. Kama ni lazima mtu afe, kaue mwenyewe."

Mfalme akatazama mikono yake laini. Hata kuku hajapata kuchinja. Akasimama, akasimama, akasimama. Jua likamchoma, akarudi kwake.

Hadithi yangu imekomea mlangoni hapo. Wajukuu zangu, mtu anayekutuma kila siku na pole hakupi, huyo hana siku ya kukupumzisha. Pumzika mwenyewe.