Fungu Chini ya Kawa

Niazimeni masikio, nitawarudishia yakinukia nyama.

Palikuwa na mjane, Bi Mwanaharusi. Kila mwezi ulipoandama alibanika paja la kondoo kwa ndimu na tangawizi, kama alivyofundishwa na marehemu mumewe, Faki. Alipokwisha kula, nyama iliyobaki aliifunika kwa kawa na kusema, "Ina mwenyewe." Enzi za uhai wake, Faki hakurudi hata siku moja akakuta chungu kitupu.

Zimwi likanusa. Lakini zimwi haligusi chakula chenye mwenyewe mpaka lipewe. Mwezi wa kwanza likaja kama mwombaji. "Mama, nyama ya nani hiyo?" Likapewa mkate. "Nyama ina mwenyewe." Mwezi wa pili likaja kama jirani. "Nyama ya nani, shoga?" "Ina mwenyewe." Mwezi wa tatu likaja na sura ya Faki, na kikohozi chake, na kovu lake la shavuni.

"Mke wangu, nyama yangu iko wapi?"

Machozi yakamlengalenga Bi Mwanaharusi. Akafunua kawa. Zimwi likakimbilia mnofu laini.

Papo hapo akaifunika. "Faki huanza na ngozi iliyoungua. Huibandua akanipa mimi kwanza, ndipo naye ale. Hii ina mwenyewe!"

Zimwi likageuka moshi, likapotelea darini.

Asubuhi akafunua kawa. Nyama ilikuwa imeliwa mpaka mfupani. Ukingoni mwa sahani palibaki kipande cha ngozi iliyoungua, bado kina moto.

Haya, masikio yenu hayo.