Sketi ya Mwasiti

"Masalio hayakosi mwili." Mmenisikia nikisema hivyo, sasa mnanikodolea macho mnataka kujua msemo huo umetoka wapi. Haya, kaeni vizuri, na wewe weka hiyo simu chini. Huu haukutoka kwa wahenga wasiojulikana. Ulitoka nyumbani kwetu Tanga, na ulianza hivi.

Mama yangu, Mwasiti, alikuwa bado msichana, na shoga yake wa tangu utotoni, Kidawa, alikuwa anaolewa. Enzi hizo harusi ni sare. Kitambaa kilinunuliwa jora zima, buluu yenye maua meupe, wasichana wote wa upande wa bibi harusi wakagawiwa. Asiye na sare hakai karibu na bibi harusi; huyo kazi yake kukuna nazi jikoni.

Kwa mama hakikufika hata kipande. Si kwa ubaya. Babu yangu alikuwa amefariki, na bibi alikuwa ndani ya eda. Watu wa harusi waliona haya kubisha hodi kwenye nyumba ya msiba na habari za vigelegele. Walichosahau ni kwamba eda ingemalizika kabla ya siku ya harusi. Ilipomalizika, jora nalo lilikuwa limekwisha, na dukani kitambaa kile hakipo tena.

Mama alilia hadi macho yakamvimba. Bibi akamshika mkono, akampeleka kwa Bi Zuwena, fundi aliyeshona zile sare. Mnajua mafundi wanavyosingiziwa: kitambaa kikipelea, fundi kala. Kwa hiyo Bi Zuwena alihifadhi kila kipande kilichobaki ndani ya mfuko wa unga, asije akaitwa mwizi. Akaumwaga sakafuni.

"Hivi vitambara?" mama akauliza. "Watanicheka, Bi Zuwena."

"Wewe simama nikupime," fundi akamjibu, sindano mdomoni. "Masalio hayakosi mwili."

Aliunga vile vipande vikawa mikanda mirefu, akaishona ngazi kwa ngazi, ya chini pana kuliko ya juu, kila moja na marinda yake. Kiunoni akatia mpira. Ikawa sketi nyepesi ya wakati wa joto, imeishia chini kidogo ya magoti. Juu yake mama akavaa blauzi nyeupe ya bibi.

Siku ya harusi joto la kaskazi halikuwa na huruma. Wasichana wenzake walikuwa ndani ya magauni marefu yenye bitana, jasho linawatiririka, wanajipepea kwa ncha za kanga. Mama alisimama mlangoni na sketi yake, miguu imekataa kuingia.

Bibi harusi, wajukuu zangu, hasemi. Huinamisha uso, ndiyo heshima. Lakini Kidawa alipomwona shoga yake aliinua kichwa mbele ya watu wote akaita, "Mwasiti! Njoo ukae hapa kwangu!"

Kigelegele kikapasuka ukumbini. Mama akaingia, akakaa.

Mama yake Kidawa alimsogelea bibi yangu. "Mwenzangu, tusameheni. Tuliona mna msiba, tukaogopa kuwagongea kwa mambo ya furaha."

"Mngegonga tu," bibi akasema. "Hodi za pole tulizipata nyingi. Hiyo ya furaha ndiyo tuliyokuwa tukiingoja."

Akamtazama binti yake katikati ya wenzake, akacheka kwa mara ya kwanza tangu amzike mumewe. "Lakini hakijaharibika kitu. Masalio hayakosi mwili."

Mtaa mzima ukaudaka msemo ule. Mama naye aliivaa sketi ile miaka na miaka, mpaka maua yake yakapauka. Laiti mngemwona, jamani! Namkumbuka sana.

Basi mkimwona mtu amekaa kando na huzuni yake, msione haya kumwita. Gongeni. Nafasi yake ipo, hata kama vitambaa vyote vimeshagawiwa. Masalio hayakosi mwili.