Mstari Mweupe Chini ya Pijo

Mkaza sana hulegeza. Mmeisikia methali hii asubuhi, mkacheka, mkauliza: itakuwaje mtu akaze, kisha kitu kilegee? Basi sikilizeni ilivyoanza.

Korogwe palikuwa na mpima ardhi mstaafu aitwaye Singano, mwenye gari aina ya Pijo 404 la mwaka 1967, safi kuliko vyombo vya harusi. Singano hakuamini jambo lisilopimika. Ukimwambia mvua imenyesha sana, atakuuliza milimita ngapi. Kwa hiyo oili ilipoanza kudondoka chini ya injini, alitandika kipande cha boksi chini ya gari kila jioni, na asubuhi akalipima doa kwa rula. Wiki ya kwanza lilikuwa sentimita mbili. Ya tatu, tano. Ya sita, kumi na moja.

Oili ilitoka kwenye bolti ya kumwagia, ile ya chini ya sampu, bakuli linalobeba oili ya injini. Aliyeifunga ni Fundi Sechonge, mtu pekee aliyeigusa injini ile kwa miaka minane. Siku alipomkabidhi gari baada ya kubadilisha oili, alimwambia, "Ikikusumbua, nirudishie, Mzee." Kwa nini aseme itasumbua kabla haijasumbua? Kila Singano alipolirudia neno lile kichwani, lilizidi kunuka. Bila shaka fundi hulegeza kidogo ili mteja arudi.

Na kwa kuwa hakumwamini, tangu wiki ile ile aliyokabidhiwa gari, kila Ijumaa aliingia chini ya gari na spana yake, akaikaza bolti kwa nguvu zake zote. Hakuona sababu ya kulitaja hilo kwa mtu. Anayeziba si anayetoboa.

Uwanja wa mafundi ulikuwa na sheria isiyoandikwa: fundi akithibitika ameacha kitu kimelegea makusudi, hukusanya vyombo vyake na harudi tena pale. Singano aliijua. Jumatatu akaendesha gari mpaka uwanjani, akashuka na vipande sita vya boksi kwapani, akavipanga mbele ya Mama Kilua, muuza oili na mwenyekiti wa mafundi.

"Hii nini, Mzee? Ramani ya shamba?"

"Ushahidi."

Mafundi wakakusanyika. Sechonge akaja akijifuta mikono kwa tambara, akayasikiliza mashtaka mpaka mwisho.

"Miaka minane, Mzee Singano," akasema. "Ningetaka kukuibia, si ningeanza na kabureta?"

"Huenda ulianza nayo."

Watu wakaguna. Mama Kilua akamgeukia Sechonge. "Fundi, una la kujitetea? Maana ikithibitika, leo leo unafunga sanduku lako."

"Ninao mstari. Kila bolti ya oili ninayofunga naipiga mstari wa rangi nyeupe, kutoka kichwani mwake mpaka kwenye sampu. Ikizungushwa, mstari unakatika. Aingie mwenyewe asome, maadamu mimi hanisadiki."

Singano akavaa miwani, akalalia maboksi yake mwenyewe, akajisukuma chini ya gari. Mstari ulikuwepo. Nusu yake ilikuwa kwenye sampu. Nusu ya kwenye bolti ilikuwa imehama. Moyo ukamruka kwa furaha: amepatikana! Kisha, kwa mazoea ya kazi, akaangalia imehama kuelekea wapi. Akaangalia mara ya pili.

"Umeona nini?" Mama Kilua akauliza.

"Umekatika."

"Umehamia upande wa kulegeza au wa kukaza?"

Singano akaugusa mstari kwa kidole. Chini kule hakuna aliyeuona uso wake. Angeweza kusema rangi imefutika, na wangemwamini, kwa kuwa ndiye mtu wa vipimo. Lakini rangi haikufutika.

"Wa kukaza," akasema. "Theluthi ya mzunguko."

"Kakaza nani?"

"Mimi. Kila Ijumaa."

"Kwa spana ya kawaida?"

"Niliivisha bomba. Iwe ndefu."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Sechonge peke yake hakucheka. Alitega beseni, akaichomoa bolti, oili ikamwagika. Meno ya bolti yalikuwa yamejaa chenga za aluminiamu, na tundu la sampu lilikuwa laini kama ndani ya kikombe.

"Bolti ni chuma, sampu ni aluminiamu," akasema. "Ukizidisha nguvu, kigumu kinamla laini. Wewe ulidhani unafunga, Mzee."

Akachonga meno mapya, huku amepaka grisi kwenye chuma cha kuchongea ili chenga zinase, akaweka bolti nene kidogo na washa mpya, pete ya shaba ya kuzuia oili, akaikaza kwa mkono mmoja. Kisha akapiga mstari.

Mama Kilua akamtaka Singano aliyemshtaki mtu bure ajieleze mbele ya wote. Singano akasimama wima. "Mimi, kwa kuhofia bolti ile isije ikalegea, nilikuwa nikiikaza kila wiki, na kwa kukaza huko nikawa ninasababisha..."

"Fupisha, Mzee, watu wana kazi!" fundi mmoja akadakia.

Singano akavua miwani. "Mkaza sana hulegeza."

"Hapo sawa," Sechonge akasema. "Sasa lile bomba liache hapa kwangu."

Singano akakunja uso. "La nini? Unataka kulifanyia nini?"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Lakini bomba aliliacha.

Basi mkimwona mtu anamchunga mwenziwe kwa shaka, leo kidogo, kesho zaidi, hata kilichokuwa kizima kikavunjika mikononi mwake, mwambieni kwa upole: mkaza sana hulegeza.