Nani Atampakata Simtaki?

Hapo zamani, enyi mliojaa barazani kwangu, watoto walikuwa wakizaliwa wengi na kubaki wachache. Katika mtaa wa Uwandani, Mashavu alikuwa amekwisha kuzika wanawe wawili. Alipojifungua wa tatu, akafuata desturi: mtoto akalazwa jaani alfajiri, ili kifo kimwone taka, kipite. Atakayemwokota ndiye atakayempa jina.

Aliyemwokota alikuwa Kirembwe, bi harusi mpya wa nyumba ya pili. Akampangusa majivu usoni, akabisha hodi.

"Mwenye mtoto huyu nani?"

"Simtaki," akajibu Mashavu, machozi yakimtiririka.

"Basi na aitwe Simtaki. Nipe mimi!"

Kirembwe akampakata mpaka jioni, kisha akamrudisha kwa mama yake.

Na Simtaki akaishi, enhe! Akaota meno, akakimbia, akavunja mitungi ya watu. Kila magharibi Mashavu alisimama mlangoni akaita, "Simtaki weee!" Na mtaa mzima ukaitikia, "Tupe sisi!" Hata aliyekuwa akikoroga uji aliitikia. Jamani, raha iliyoje kurudi nyumbani huku watu wanakugombea!

Kina mama wakaona jina lina kheri, wakaliiga. Simtaki wa kisimani, Simtaki wa msikitini, Simtaki wa kwa fundi cherehani. Ukimwita mmoja, wanakuja wote.

Kisha ikajengwa zahanati. Watoto wakachanjwa, wakabaki, wala hapakuwa tena na haja ya kukihadaa kifo. Shuleni jina likaanza kuchekwa. Washenga nao wakaguna, "Tukaoe asiyetakiwa na mamake?" Basi mmoja akajiita Nasra, mwingine Jasmini. Yule wa kwa fundi cherehani, shoga wa kufa na kuzikana wa Simtaki wa Mashavu, akawa Nargisi. Ukimwita kwa jina la zamani, anapita kama hakusikia.

Simtaki wa Mashavu hakubadilisha. Posa zilivunjika kwa ajili ya jina hilo, naye akabaki nalo. Akazeeka akichoma vitumbua, hana mume, hana mtoto. Magharibi, akishafunika chuma chake, husimama mlangoni kwa mazoea, na hakuna anayeita. Roho ilimuuma. Aliogopa kwamba siku atakayozikwa, na jina litafukiwa naye.

Ndipo Raya, binti wa Nargisi, akajifungua mtoto wa kike. Nargisi akasimama mbele ya watu, akasema, "Mjukuu wangu ataitwa Simtaki. Tangu niwe Nargisi, sijaitikiwa na mtaa mzima hata siku moja."

Simtaki akaketi chini, mwiko mkononi, akalia.

Sasa, kwa desturi ya Uwandani, siku ya arobaini mwenye jina ndiye humpakata mtoto kwanza. Huyo ndiye somo yake. Watavishana kanga, watatembeleana, na mkubwa akifa, mdogo ndiye atakayebaki akiitwa kwa jina lake. Lakini somo ni mmoja tu.

Siku hiyo Bi Kirembwe akaja akishikwa mkono, macho hayaoni vizuri. "Mtoto ni wangu kumpakata," akasema. "Kwa Mashavu lile lilikuwa neno la kilio tu. Mimi ndiye niliyelifanya jina."

"Bi mkubwa, shikamoo, lakini hapana," akasema Nargisi. "Nililitupa, sikatai. Ila nimelirudisha mbele ya walewale niliowaonea haya. Bila mimi, leo mngekuwa mnasherehekea Jasmini mwingine."

Simtaki akajifuta unga mikononi. "Mama Kirembwe, wewe ulilitoa ukaenda zako. Shoga yangu, wewe ulilikimbia. Mimi nimelibeba. Walipolicheka niliitika. Nyinyi mna wajukuu wa kuwaita bibi. Mimi nina jina tu."

Raya akawatazama mmoja mmoja, asijue la kufanya. Basi akasimama mlangoni, akamwinua mtoto juu, akaita kama alivyokuwa akiita marehemu Mashavu:

"Simtaki weee!"

"Nipe mimi!" wakaitikia wote watatu, mikono wameinyoosha.

Raya bado amesimama pale mlangoni, na mtoto anaanza kulia. Haya, nyinyi wa barazani kwangu, mwambieni: ampe nani?